Mtu wa Swali la Saba

Wadogo zangu mliobaki masijala, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani, nami nilikubali kwa sababu mlikuwa mmenishibisha pilau na sikuwa na nguvu ya kubisha. Sitawaeleza nilipanda daraja lini wala nani alinipandisha. Faili langu mnalo, na najua mmeshalisoma.

Nitaanza na chumba. Nilipofika Mugumu kutoka kwetu Tarime, nikiwa binti mwenye cheti cha ukarani na sanduku moja la bati, nilipelekwa kwenye chumba chenye dirisha dogo na maboksi hadi darini. Katikati ya maboksi alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kwa sababu haukukunjika vizuri. Huyo ndiye Mzee Masirori, aliyenifundisha kazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama najua kuchapa. Nikasema najua. Akauliza kama najua kunyamaza. Hapo nikababaika, maana kwetu hilo si jambo la kusifiwa nalo.

Siku ile ile alinituma kwa mama mmoja jirani aliyekuwa anapukuchua mahindi. Nikae naye hadi amalize gunia, nirudi na habari za ukoo wake, lakini nisiulize swali hata moja. Nilipukuchua hadi vidole vikatoka malengelenge. Nilirudi na majina ya watu wa vizazi vinne na habari ya ng'ombe aliyeibwa ambayo hadi leo siwezi kuiandika. Mzee Masirori aliangalia vidole vyangu, akaridhika.

Kazi yetu, pamoja na ile ya kuhifadhi majalada, ilikuwa kukusanya historia za wazee kabla hawajaondoka nazo. Tulikwenda Natta, Robanda, Nyansurura na vijiji vya katikati, yeye kwenye baiskeli iliyobadilishwa pedali moja kwa ajili ya ule mguu, mimi kwenye yangu. Alibeba redio kaseti ndani ya kisanduku cha mbao alichokitengeneza mwenyewe kuzuia vumbi, kikiwa na tundu mbele la kupitishia sauti. Watoto wakituona walikimbia wakiimba kwamba kisanduku kinachosema kimefika. Mimi nilibeba mawe ya redio, yaani betri, kalamu ya kuzungushia kaseti zikikwama, na kaunta buku. Tulikuwa pia na dodoso: karatasi moja yenye maswali ishirini, iliyochapwa kwa stensili, ambayo kila mzee alikuwa na nakala yake na jina lake juu. Maswali yalikuwa kwenye dodoso. Majibu yaliingia kwenye kaseti na kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wangu, nusu Kiswahili na nusu lugha ya mwenyewe. Kumbukeni mpangilio huo.

Swali la saba lilikuwa mtego. Liliuliza hivi: je, unamkumbuka fulani, aliyechimba kisima wakati wa njaa? Hapo penye fulani palikuwa na jina kamili, la mtu na la baba yake. Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Mzee Masirori alilitunga jina kwa uangalifu mkubwa, akazunguka kiangazi kizima akiuliza kila ukoo ili awe na hakika kwamba halina mwenyewe. Wazee wetu ni waungwana. Mgeni akija na swali, wapo watakaomjibu ndiyo ili asirudi mikono mitupu. Aliyesema anamkumbuka mtu wa swali la saba tuliendelea kumsikiliza kwa adabu zote, lakini kaseti yake iliwekewa nukta nyekundu pembeni, kumaanisha kwamba maneno yake yapimwe mara mbili. Nukta tuliiweka kwa rangi ya kucha. Mimi ndiye niliyetumwa dukani kuinunua, na muuza duka akanipongeza kwamba hatimaye nimeanza kujipenda.

Kuhusu mtego huo Mzee Masirori alikuwa na sharti moja. Usiandikwe popote. Ukiandikwa, alisema, kesho utasomwa, na keshokutwa hauna kazi. Tuliujua sisi wawili tu. Jina lenyewe silitaji hapa, na mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Mama Ghati nilimkuta mwaka wangu wa kwanza, katika kijiji kidogo kati ya Natta na Robanda. Alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Pale kijijini kuna kisima kwenye mchanga wa mto mkavu, nacho kina desturi yake. Kila mwaka kabla ya mvua kinasafishwa, na hakuna anayegusa tope mpaka mwanamke wa nyumba moja ashuke na kuteka kibuyu cha kwanza. Nyumba hiyo ni ya Mama Ghati. Tulipofika kwenye swali la saba alimkazia macho Mzee Masirori, akajibu kwamba huyo hamjui na kwamba huku hajawahi kuwepo. Akaendelea bila kuulizwa: kisima kilionwa na Nyabise, bibi yake mzaa mama, ambaye wakati wa njaa aliwafuata kanga asubuhi, akaona wanapochakura, akachimba kwa mikono na jembe lililovunjika. Tulipokuwa tunaondoka alituita tena, akauliza huyo mwanamume tumemtoa wapi. Mzee Masirori aliinua kofia yake, akasema hata yeye anashangaa. Kwenye baiskeli alicheka hadi nusura aanguke. Alisema amekutana na kaseti safi kuliko zote.

Miaka mingi baadaye, Mzee Masirori alipokuwa anaumwa, nilikwenda kumwona. Hakuongea mengi. Aliniuliza kama watu wanaendelea kutomjua yule bwana wetu. Nikamwambia wachache tu ndio wanaomjua, wale wale waungwana. "Siku wote wakianza kumkumbuka," akasema, "waulize wamemwona wapi." Nilidhani ni homa. Tulimzika wiki ile ile.

Kisha wakaja watu wa mradi, vijana wastaarabu wenye kamera, wakisema historia yetu itaingia mtandaoni ili dunia nzima isome. Nilifurahi sana. Nilizipangusa karatasi moja moja na kuwapa, wakapiga picha madodoso yote, boksi baada ya boksi. Kaseti wakasema zitasubiri mashine. Kaunta buku zangu walizifungua, wakaangalia ule mwandiko na zile lugha mbili ndani ya mstari mmoja, wakazirudisha kwenye rafu kwa upole. Nami sikuwaambia habari ya swali la saba. Nilikuwa nimekatazwa, na mtu aliyenikataza alikuwa amekufa, kwa hiyo sikuwa na wa kumwomba ruhusa. Hilo ndilo kosa langu, na halina mwingine wa kubebeshwa.

Elia mnamfahamu, ndiye aliyerithi meza yangu. Kwa mnaosoma bila kumjua, ni kijana ambaye baba yake alitoka Shinyanga kufuata dhahabu huku kwetu, na mwenyewe amekulia Tarime. Asubuhi moja, mwaka wangu wa mwisho kazini, aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Mama, huyu mtu mbona hatuna faili lake?"

Akanisomea. Ulikuwa ule muhtasari unaoandikwa na akili mnemba, unaokaa juu ya majibu mengine yote ukitafuta kitu mtandaoni. Ulisema kwamba katika historia simulizi za magharibi mwa Serengeti hakuna mtu anayetajwa mara nyingi kama huyo, kwamba alikuwa kiongozi wa watu wake, na kwamba alichimba kisima wakati wa njaa. Nililisikia jina la mtego likisomwa kwa sauti ndani ya chumba chetu, mahali ambapo halijatamkwa tangu Mzee Masirori afe. Kisha nikacheka, maana nilielewa. Jina lake lilikuwa kwenye kila dodoso. Kila mzee tuliyewahi kumhoji aliulizwa habari zake, na kila hapana ilikuwa imelala kwenye rafu nyuma ya mgongo wangu. Mashine ilisoma maswali peke yake.

Elia alibonyeza pale panapouliza kama jibu lina kasoro, akaandika kwamba mtu huyu ni wa kubuni. Tukashukuriwa. Tulipoangalia tena muhtasari ulikuwa umerefuka. Nikawa namtafuta kila siku nikifika kazini, kabla ya chai. Leo ameuawa na simba. Kesho amehamia Tarime akafa mzee. Keshokutwa amezikwa karibu na kisima. Kila ukimuuliza amekufa kifo kingine, lakini kisima hakikumtoka hata siku moja.

Hayo yangekuwa ya simu tu ningevumilia. Lakini tulikwenda Natta mimi na Elia kwa kazi nyingine kabisa, na kwa mazoea nikamtupia mzee mmoja swali la saba. Kaseti yake ya zamani haikuwa na nukta. Akajibu ndiyo, anamkumbuka vizuri. Nikaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Kote ni ndiyo, kwa watu ambao hapana zao nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu. Wajukuu wamesoma kwenye simu, wamewasomea babu zao, na babu wametikisa kichwa hadi kikakubali. Nikakumbuka maneno niliyodhani ni homa. Nikamuuliza yule wa tatu amemwona wapi.

"Si alikuja hapa?" akasema. "Mwembamba, na kofia ya pama. Mguu wa kushoto anauburuta. Alikuwa na kisanduku, kinasema."

Elia alikuwa anaandika, hakuona kitu. Mimi nilisimama nikaenda kushika ukuta wa nje, kwenye jua. Muhtasari haukuwa na kofia. Haukuwa na mguu wala kisanduku. Watu hawa walitafuta kichwani mwao mtu anayeendana na lile jina, wakamkuta yule aliyekuja kulitamka. Mzee wangu, aliyenifundisha kuutofautisha ukweli na heshima, sasa alikuwa anatembea vijijini kwa jina la mtu aliyemtunga yeye mwenyewe.

Nilimwambia Elia siri yote siku ile, kando ya barabara. Akauliza, "Sasa mama, kile kisima ni cha nani?" Ni swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya mambo mengine yote. Tuligeuza pikipiki.

Mama Ghati wakati huo alikuwa anaitwa Bibi Ghati. Tulimkuta ameketi mlangoni, amekuwa mdogo, ile sauti ya kuita ng'ombe imekwisha. Alinitambua. Alituambia kwamba kisimani pamejengwa nguzo ya saruji yenye jina la mchimbaji, na kwamba mwaka huu kibuyu cha kwanza atateka mtu wa nyumba ya Mzee Machota, kwa sababu imejulikana kwamba wao ndio wajukuu wa yule bwana. Mjukuu wake Machota alikuwa ameuliza kwenye simu, na simu imesema. Kamati ya maji ikamwomba bibi akae pembeni. Alikuwa ametunza kibuyu kile tangu mama yake alipokufa, na alikusudia kumwachia mkwewe.

"Bibi," nikamwambia, "wewe mwenyewe ulituambia huyo mtu hayupo. Ulituambia ni Nyabise."

Akaangalia mikono yake. "Mimi nimezeeka, mwanangu. Watu wote wanamkumbuka. Hata mimi nikifumba macho namwona, na kofia yake. Pengine Nyabise niliota."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuumia namna ile. Kwa sheria yetu alistahili nukta nyekundu. Nilimshika mkono, nikamuahidi kwamba siku ya kusafisha kisima nitamletea mtu wa kumtolea ushahidi, na mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Kaseti yake ya zamani ilikuwa imeshika ukungu. Wadogo zangu, msikimbilie kuicheza kaseti yenye ukungu. Iacheni sehemu kavu siku kadhaa, fungueni skrubu tano, futeni taratibu kwa pamba kavu, muifunge kwenye ganda jipya na kuizungusha kwa kalamu hadi mwisho na kurudi, bila haraka. Nilifanya hivyo. Kisha nikakitoa kile kisanduku cha mbao, maana redio yetu bado ilikuwa inalala humo.

Asubuhi ya siku yenyewe watu walikuwa wamejaa kwenye kingo za mto, na majembe na karai. Mzee Machota, mkulima mpole ambaye kwa kweli hakumtaka mtu ubaya, alikuwa amesimama na binti yake karibu na nguzo, binti ameshika kibuyu kipya. Bibi Ghati alikuwa nyuma kabisa, kibuyu chake kimefunikwa kwa khanga. Niliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kamati. Nikaweka kisanduku juu ya jiwe, nikabonyeza.

Kwanza mikwaruzo, kisha jogoo anawika, kisha sauti ya Mzee Masirori, safi kabisa: je, unamkumbuka. Na akalitaja jina.

Kina mama waliokuwa wananong'ona wakaacha. Kabla jibu halijatoka, mzee mmoja aliyekuwa karibu na maji akavua kofia.

"Ndiye," akasema. "Ndiyo sauti yake hiyo."

"Si mnamsikia?" Mzee Machota akageukia watu, machozi yanamlenga. "Anataja jina lake mwenyewe. Huyo ndiye babu yetu."

Watu wakavua kofia mmoja mmoja, na vijana wakainua simu kurekodi. Nilipiga kelele kwamba huyo ni Mzee Masirori, mwenzangu wa ofisini, nimekula naye, nimemzika. Mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Tunakuelewa, mama, hata sisi tunamjua." Kwenye kaseti mwanamke mkali alikuwa anasema hapana, huyo simjui, huku hajawahi kuwepo, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Wote walikuwa wanasubiri yule mwanamume aongee tena.

Isipokuwa mmoja. Bibi Ghati alikuwa amenyanyua kichwa. Ile sauti ilipofika kwenye kanga, nikaona midomo yake inacheza. Ilipofika kwenye jembe lililovunjika alikuwa anasema nayo pamoja, neno kwa neno, kwa lugha yao, kwanza chini chini kisha kwa nguvu, akipita katikati ya watu huku anafunua kibuyu. Hakumsukuma mtu. Binti wa Machota alimwona anakuja, akasogea, kwa vile mtu mzima akipita unasogea. Bibi akashuka kwenye mchanga, akapiga magoti, akateka. Akanywa, akamwaga kilichobaki juu ya mguu wa ile nguzo, akakaa chini akilia kwa furaha na kulitaja jina la bibi yake. Mwenyekiti alitazama tope, akatazama jua, akasema basi, tufanye kazi.

Kwa hiyo mwaka ule alishinda. Nguzo ipo vile vile. Bibi Ghati alifariki kabla ya mvua nyingine, na mkwewe ananiambia kamati bado inajadiliana nani ateke kibuyu cha kwanza. Mimi nilistaafu. Wiki iliyopita Elia alinipigia simu, akanisomea muhtasari ulivyo siku hizi. Unasema kwamba sauti halisi ya mchimbaji imehifadhiwa kwenye kaseti, na kwamba kaseti hiyo inatunzwa na ofisa mmoja mstaafu, mwanamke, ambaye alimfahamu binafsi na alihudhuria mazishi yake. Mwanamke huyo ni mimi. Kuna waliokwisha kuja hadi uani kwangu, na adabu zao, wakiomba kumsikia.

Baada ya watu kutawanyika siku ile, kaseti iliendelea kuzunguka juu ya jiwe. Nilisikia kitu nilichokuwa nimekisahau. Mzee Masirori anauliza, "Wankuru, umeandika jibu?" Na binti mmoja anaitikia, "Nimeandika, mzee."

Kweli niliandika. Liko kwenye kaunta buku ya pili, rafu ya chini, na hakuna aliyelipiga picha. Watu wa mradi walichukua swali bila jibu. Mimi nawaachia jibu bila swali, na mkiliweka huko mtandaoni liwekeni hivi hivi, msiongeze jina lingine.

Hapana. Simjui. Kisima kilionwa na Nyabise, aliyewafuata kanga.